Wivu wa mzazi msanii ni dai la saa zake

Sisi watu wa Mombasa tunajua kumkinga mtoto mchanga na jicho. Anapakwa wanja, anasomewa Falaq na Nas, na mgeni akimsifu bila kusema mashallah, bibi humkumbusha hapo hapo. Picha yake ikiwekwa kwenye status, uso hufunikwa kwa kiua. Leso za Biashara Street zimejaa maneno ya kumsuta mwenye kijicho, na "Hasidi hana sababu" wengi tuliisoma kwenye leso za mama zetu kabla ya kuisoma mahali pengine popote. Zote hizi ni kinga dhidi ya wivu unaotoka nje: kwa jirani, kwa shoga, kwa mke mwenza. Mzazi mwenyewe, aliyelala na mtoto kifuani huku roho inamchoma kwa sababu mwenzake wa fani amepata kazi nzuri, hatuna cha kumpa zaidi ya "shukuru Mungu".

Namzungumzia mzazi mpya mwenye sanaa: mchora hina, mtunzi, mwimbaji, mpiga picha, mshonaji wa nguo za harusi. Kabla ya mtoto alijulikana kwa mkono wake au sauti yake. Sasa anaitwa mama fulani au baba fulani, na kazi imelala. Wivu unamjia, kiu ya kusifiwa inamjia pamoja nao, na vyote viwili anavificha kwa sababu anavionea haya. Mimi nashikilia kwamba wivu huo, kwa sehemu kubwa, ni dai. Kuna saa zilizokuwa zake, zimechukuliwa bila yeye kuulizwa, na roho inazidai kwa njia iliyobaki. Na kiu ya sifa, ukiichunguza, ni kiu ya kujibiwa na mtu anayeielewa kazi. Tukiendelea kuviita upungufu wa imani au ubovu wa tabia, tutaendelea kutoa nasaha nzuri ambazo hazimsaidii mtu.

Namfahamu mchora hina mmoja wa Kisauni ambaye ameniruhusu nisimulie habari yake bila jina. Ni mtu wa fani hasa. Kabla hajajifungua, msimu wa harusi ukiingia, yaani Shaaban kabla ya mfungo na tena baada ya Idi, hakuwa na jioni ya kukaa kwake. Asiyewahi kuitazama kazi hii kwa karibu hudhani ni kuchora maua tu. Bibi harusi huchorwa kuanzia ncha za vidole mpaka karibu na viwiko, kisha miguu, na mchoraji hukaa chini kwa saa nyingi, mgongo umepinda, koni, yaani kifuko cha hina chenye ncha, mkononi. Koni hubanwa kwa nguvu ile ile mwanzo mpaka mwisho. Mkono ukisita, mstari unavimba. Ukiacha jani katikati ukaenda ukarudi, sehemu ya kwanza imeshakauka na ya pili haiungani nayo vizuri. Tena siku hizi wengi wanataka hina nyekundu izungushiwe piko nyeusi. Piko ni rangi ya nywele, ina kemikali inayoweza kuchoma hata ngozi ya mtu mzima, kwa hiyo mtoto hawezi kuwekwa mapajani huku kazi inaendelea. Naye mtoto wa wiki chache hunyonya mara 8 mpaka 12 kwa siku, usiku na mchana. Ziweke hesabu hizo mbili pamoja. Hakuna subira inayoweza kuzipatanisha. Panatakiwa mtu mwingine wa kumshika mtoto.

Arubaini ilikuwa imepita kidogo tu. Usiku mmoja, akinyonyesha, alifungua simu akaona kwenye status ya mwenzake picha ya miguu ya bibi harusi. Uso haukuwepo, na usingekuwepo: katika sherehe zetu nyingi za wanawake simu huachwa mlangoni, na mchoraji akiruhusiwa kupiga picha basi ni mikono na miguu. Lakini nyumba aliitambua kwa zulia. Katika nyumba ile alikuwa amemchora dada mkubwa wa bibi harusi huyo, na mtaani kwao nyumba ikishakuwa na mchoraji wake haimbadilishi ovyo. Akaikuza picha kwa vidole viwili. Juu ya kifundo cha mguu palikuwa na ua la petali saba, katikati limejazwa nukta, ua alilolibuni yeye mwenyewe wakati yeye na mwenzake huyo wakifanya kazi pamoja.

Aliweka simu, akaichukua tena, akaweka. Asubuhi alimweleza mama mkwe wake, maana hakuweza kukaa nalo moyoni. "Mwanangu," akaambiwa, "riziki ya mtu haichukuliwi na mtu. Shukuru, wenzio wanalilia mtoto." Akajibu, "Ndiyo, mama," akaenda kuanika nepi.

Sina neno dhidi ya mama mkwe. Alichosema ni kweli, na alikisema kwa mapenzi. Ila alikuwa akijibu swali ambalo hakuulizwa. Mkwewe hakuwa na shaka hata chembe juu ya thamani ya mtoto wake. Alikuwa akimtazama usiku kucha kuhakikisha anapumua. Mtu anaweza kushukuru mpaka machozi yakamtoka na bado roho ikamuuma kwa jambo jingine kabisa. Nilipomuuliza ni kipi hasa kilichomuuma, pesa, ua, au mwenzake, alifikiri kidogo akaniambia, "Hakuna aliyeniuliza." Alikuja kujua baadaye kwamba mama wa bibi harusi alimuulizia yeye kwanza, na shangazi mmoja wa nyumba ile akajibu kwa niaba yake: yule ni mzazi, hachori sasa.

Hapo ndipo nilipoanza kuutazama wivu huu kwa jicho jingine. Ukiuacha mzima mzima unaonekana chuki kwa mwenzako. Ukiupekua unakutana na kitu kidogo chenye mipaka, kitu kinachoweza kutajwa na kudaiwa: kuulizwa. Labda angesema hawezi. Labda angesema nitachora mikono, miguu tafuteni mtu. Lakini uamuzi ungekuwa wake. Kwa watu wengi wa sanaa niliozungumza nao mjini hapa, jambo linalouma baada ya kupata mtoto ni lile lile la kufutwa kwenye orodha kwa nia njema. Watu wanakuonea huruma, wanakupumzisha, hawakwambii.

Mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza mwaka 1954 kwamba binadamu hujipima zaidi kwa walio karibu naye kwa uwezo na hali, kuliko kwa walio mbali. Hilo kila fundi wa mji huu analijua bila kusoma. Mchora hina wa Kisauni haoni uchungu wowote akitazama kazi za wachoraji wa Dubai wenye wafuasi maelfu kwa maelfu. Anazitazama kwa raha, anajifunza. Anayemuumiza ni yule waliyekaa naye mkeka mmoja wakabadilishana koni. Kwa sababu katika kazi ya yule anauona mwaka wake mwenyewe jinsi ambavyo ungekuwa. Ndiyo maana kumwambia mzazi kama huyu "usijilinganishe na watu" hakumfikishi popote. Anajilinganisha na nafsi yake ya mwaka jana, ambayo mwenzake anaendelea kuiishi.

Sasa tuitazame arubaini yenyewe, maana nadhani majibu mengi yamo humo na hatuyatumii. Kwa siku 40 mzazi wa Mombasa, hasa wa nyumba zinazoshika mila, huwa na mikono mingi karibu yake. Kuna wa kumkanda, kuna wa kumchemshia maji, kuna uji wa pilipili manga, kuna mama au shangazi anayelala naye chumba kimoja na kumpokea mtoto usiku akishanyonya. Hakuna anayemtarajia awe na kazi au maneno ya maana. Ni utaratibu wenye akili sana. Lakini ulitengenezwa kwa ajili ya mwili wake, na ulitegemea nyumba yenye wanawake wengi wasiotoka kwenda kazini asubuhi. Siku ya 41 mikono ile inaondoka. Mama anarudi kwake Likoni, shangazi anarudi kwa watoto wake, na mzazi anabaki kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba viwili huko Bamburi au Mtwapa na mume anayetoka saa kumi na mbili asubuhi. Msaada unakatika wakati ule ule ambapo mwili umeanza kupona na fani inaanza kumwita tena.

Aliyeajiriwa ana sheria. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mama miezi 3 ya likizo kwa mshahara kamili, na baba wiki 2. Msanii anayejitegemea hana wa kumwandikia likizo wala wa kumtunzia nafasi. Mwalimu akirudi shuleni baada ya miezi mitatu, darasa lake lipo. Mchora hina akirudi, hurudi kwenye soko ambalo limejifunza kuishi bila yeye. Wivu wake, basi, una taarifa sahihi ndani yake: nafasi yake kweli inachukuliwa. Kumwambia kwamba anawaza tu ni kumdanganya.

Kuna jambo la usingizi pia. Utafiti mmoja wa mwaka 2007 nchini Marekani uliwapima watu waliokeshwa kabisa, ukakuta sehemu ya ubongo inayohusika na hofu na hasira, amigdala, inashtuka kwa zaidi ya 60% kuliko kwa waliolala. Mzazi wa mtoto mchanga hakeshi mara moja, anavunjiwa usingizi wiki baada ya wiki. Kwa hiyo picha ya miguu ya bibi harusi inayoonekana saa tisa ya usiku ina nguvu ambayo haingekuwa nayo saa tatu asubuhi, na ni haki mzazi alijue hilo kabla hajajihukumu kuwa ana roho mbaya.

Nirudi kwenye sifa. Watu hudhani mzazi mpya anayeweka picha kila siku na kufungua simu kila dakika kumi ametekwa na simu. Simu ina sehemu yake, sikatai. Facebook iliweka kitufe cha kupenda mwaka 2009. Instagram ikaja kuwaruhusu watu kuficha idadi ya wanaopenda mwaka 2021, baada ya miaka ya malalamiko kwamba hesabu zile zinawaumiza watu. Wanasaikolojia tangu zama za B. F. Skinner wanajua kwamba zawadi inayokuja bila mpangilio humrudisha mtu kuitafuta kuliko ile inayokuja kwa saa yake. Na kwa mji wetu, mimi naona status ya WhatsApp ina makali kuliko hayo yote, kwa sababu haikupi idadi peke yake. Inakupa majina. Unajua kwamba mama wa bibi harusi ameona, na mwenzako ameona, na wote wamenyamaza, na baada ya saa 24 kitu chenyewe kimefutika.

Lakini kwa nini kiu hii ipande baada ya mtoto? Angalia alichopoteza. Mchora hina akimaliza kazi, hina inakauka, inabanduliwa, rangi inatoka, bibi harusi anainua mikono mbele ya wenzake na vigelegele vinapigwa. Kuna mwanzo, kuna mwisho, kuna uso wa mtu unaobadilika mbele yako. Kulea mtoto mchanga hakuna mwisho wa namna hiyo. Umemwogesha, amejichafua. Umemlaza, ameamka. Na wageni wanaokuja kumtazama mzazi humsifu mtoto: mashallah kanenepa, kachukua pua ya babake. Mara nyingi sifa zote zinapita juu ya kichwa cha mama zinatua kitandani. Mtu aliyezoea kuona kazi yake ikipokelewa anakaa miezi bila mtu yeyote kumwambia kwamba kuna kitu amekifanya vizuri. Angekuwa wa ajabu kama asingekuwa na njaa.

Hata hivyo sifa haiishibishi njaa hiyo, na hapa nina imani zaidi kuliko mahali pengine popote katika makala haya. Mji huu umelea washairi. Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita aliyefariki yapata mwaka 1840, na watunzi wa zama zake walikuwa wakijibizana kwa mashairi, Mombasa na Lamu, wakati mwingine kwa maneno makali sana. Fahari na ushindani vilikuwemo tele. Ila kila mtu alipewa kitu ambacho status haikupi: mtu mwenye ujuzi aliisoma kazi yake mpaka mwisho, akapata la kusema juu yake, akalisema kwa vina na mizani. Hata akikukosoa amekuhesabu. Mwenye kutuma alama ya moto au makofi hajakujibu. Amekupungia mkono akipita.

Na Mwana Kupona binti Msham, alipoutunga utendi wake mwaka 1858 huku anaumwa, aliutungia binti yake. Sisemi kila mzazi amtungie mwanawe. Ushauri huo nauona mzigo mwingine juu ya mizigo. Ninachokiona ni kwamba alijua kwa hakika ni nani anayeandikiwa, na hilo lilitosha kuibeba kazi mpaka mwisho. Mzazi mpya anayewaonyesha watu mia tatu waliomo kwenye simu yake hajui anamwonyesha nani.

Mchora hina wangu alipata dawa ya jambo hili kabla mimi sijafika kwenye nadharia. Alianza kuchora kwa kalamu kwenye daftari mtoto akilala, maua na mikanda ya kifundo, na kumtumia bibi mmoja wa Kibokoni aliyemfundisha kazi zamani. Bibi yule hajui kupamba maneno. Hujibu kwa ujumbe wa sauti, baada ya siku mbili au tatu: "Mwanangu, hilo jani la pili limebanana, halipumui. Lipunguze." Nilimwona akisikiliza ujumbe wa namna hiyo, mtoto begani, na uso ukamkunjuka wote. Hakusifiwa hata kidogo. Alikuwa amejibiwa.

Kuna wivu mwingine ambao unaumiza kuliko wa mwenzako wa fani, nao ni wa ndani ya nyumba. Wengi hawautaji kabisa. Mume mpiga picha anatoka Jumamosi na kamera zake kwenda kufanya kazi ya harusi Nyali, anarudi usiku amechoka, na mke aliyekuwa mtunzi wa maigizo ya redio anamfungulia mlango. Anamwonea wivu kwa ule uchovu wenyewe, kwa sababu ni uchovu wa kazi iliyokwisha. Mume naye akimbeba mtoto kwenye tuktuk kutoka Buxton mpaka Mwembe Tayari, anapata dua na pongezi njia nzima: baba mwema huyu, Mungu ambariki. Mke akimbeba mtoto yule yule njia ile ile, anaulizwa mbona hajamvalisha kofia. Sifa zikigawanywa hivi, ndani ya nyumba moja, kwa kazi moja, chuki ndogo ndogo zinaota, na wenye nyumba hugombana kuhusu chumvi ya mchuzi kwa sababu hawajui kugombana kuhusu hili. Mimi ningependa waligombanie lenyewe. Waseme ni saa zipi za nani.

Akina baba nao wana lao. Kuna kijana apigaye gitaa katika bendi za hotelini, kaskazini mwa mji. Mkewe alipojifungua aliomba apumzike wiki chache, bendi ikamweka mtu mwingine, na yule mwingine akabaki. Aliniambia kwamba mtoto akilala kifuani pake alikuwa akivaa spika za masikioni na kusikiliza rekodi za bendi, akirudia rudia mahali pamoja ambapo mpiga gitaa mpya alichelewa kuingia. Alikuwa akilitafuta kosa lile lipatikane tena. Barazani hakuweza kulisema. Wanaume wenzake walimwambia sasa wewe ni baba, muziki ni wa vijana. Ana miaka ishirini na minane.

Mtu akiwa na njaa hii, chakula cha karibu kabisa ni mtoto mwenyewe. Picha ya mtoto hupendwa na watu wengi kuliko picha ya kazi, na mzazi msanii hugundua hilo haraka. Naomba hapa pawe na mpaka. Kiua juu ya uso kinamkinga mtoto na jicho, hakimkingi na kugeuzwa maonyesho ya mzazi wake. Akiwa mkubwa ataulizia picha zile, na itabidi ajibiwe.

Lazima niseme pia kwamba si kila uchungu baada ya kuzaa ni dai la saa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa takriban 13% ya wanawake waliojifungua duniani hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea kiwango hicho hufika 19.8%. Mzazi akiona huzuni haipungui baada ya wiki mbili, hana hamu ya kitu hata mtoto akilala na mikono ipo, anajiona hana faida, au anawaza kujidhuru, huyo anahitaji daktari, na haraka. Akina baba pia hupatwa. Na kliniki zetu zina nafasi nzuri isiyotumika ipasavyo: mtoto hupelekwa kuchanjwa akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, mama huyo huyo anakaa kwenye benchi lile lile mara tatu, mtoto anapimwa uzito, kadi inaandikwa, mama anaondoka. Kipimo cha Edinburgh cha kutambua sonona ya uzazi, kilichotolewa mwaka 1987, kina maswali 10 tu. Yanajibiwa wakati wa kungojea zamu.

Kwa waliobaki, wenye wivu wa kawaida wa mtu aliyenyang'anywa saa, dawa ni kurudishiwa saa. Ninaposema saa nina maana ya muda unaojulikana, siku fulani, kutoka alasiri mpaka isha, mtoto yuko mikononi mwa mtu mwingine na mzazi hatafutwi kuulizwa nepi ziko wapi. "Nitakushikia nikipata nafasi" haisaidii, kwa sababu sanaa haianzi pale mtu anapopata nafasi. Mtu hutumia nusu ya muda kurudisha mkono kwenye kazi. Najua wapo watakaosema huo ni ufahari wa wenye pesa za kumlipa yaya. Sikubaliani nao. Familia zetu huchangishana kwa harusi, kwa matanga, kwa safari ya hija. Arubaini yenyewe ni mchango wa mikono. Tunachoombwa ni kuuvusha upande wa pili wa siku ya 40, kwa kiasi kidogo, jioni moja au mbili kwa wiki.

Na wenye fani wenyewe wanaweza kusaidiana. Mchora hina wa Kisauni mwishowe alimpigia mwenzake. Hakumsuta. Alimwambia, "Shoga, ua lile ni langu, na nyumba ile ilikuwa yangu. Ikitokea nyingine niite nifanye mikono, wewe fanya miguu." Mwenzake alinyamaza, kisha akasema hakujua kwamba angeweza kuja. Wawili kumchora bibi harusi mmoja ni jambo la kawaida hapa, linaokoa muda. Harusi ya kwanza waliyofanya hivyo haikuwa rahisi: mtoto alilia chumba cha pili, dadake aliyemshika hakujua chupa imewekwa wapi, na mtu mmoja wa nyumba akanung'unika kwamba hii ni harusi au ni kliniki. Mchoraji alimaliza mkono wa kulia, akaenda kunyonyesha, akarudi akafanya wa kushoto. Anasema bado akiliona ua lile kwenye status ya mwenzake linamchoma, ila kidogo, na anajua linachoma wapi.

Yule aliyenung'unika ndiye ninayetaka kumalizia naye, maana msimu unakuja. Nyumba zinazoita wachora hina, washonaji, waimbaji na wapambaji: mkisikia fundi wenu amejifungua, mpigieni yeye mwenyewe, msimuulize jirani. Mwambieni tarehe mapema. Akisema anakuja na mtoto na mtu wa kumshika, tengeni chumba chenye feni na mlango unaofungwa, mhesabu sahani mbili zaidi, na muanze kazi saa nane badala ya saa kumi ili kuwe na muda wa kunyonyesha katikati. Na akisema hawezi safari hii, muulizeni na safari ijayo.